Harambee kwenye kioo: Kizazi kilichofunzwa kutoa na televisheni ya taifa

*Mjadala kuhusu sheria mpya ya michango umejikita katika pesa na vibali. Nakuru na maeneo jirani ya Bonde la Ufa yana sababu ya kuuliza pia kuhusu picha.*

Tangu Rais William Ruto alipotangaza, mnamo Julai 5, 2024, kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena katika harambee, na kumwagiza Mwanasheria Mkuu atayarishe sheria ya kuratibu michango, hoja zilizotawala mabaraza, makanisa na Seneti zimekuwa za pesa: zilitoka wapi, nani alizihesabu na ziliishia mfukoni mwa nani. Hoja ambayo haijapewa nafasi ni kwamba mamilioni ya Wakenya waliozaliwa baada ya uhuru waliijua harambee kwa macho kabla ya kuijua kwa mifuko yao, kwa kuwa waliitazama wakiwa watoto, wameketi sakafuni mbele ya televisheni ambayo mara nyingi ilikuwa ya jirani.

Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu viongozi waliokatazwa mwaka 2024 kupanda jukwaani na bahasha, na wananchi wanaonung'unika mgeni akija bila bahasha, ni watu wa kizazi kimoja. Wote walilelewa na picha ileile, na sheria inayodhibiti stakabadhi na vibali haijasema lolote kuhusu mazoea yaliyojengwa na picha hiyo.

Harambee, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mchango wa hadhara ambapo watu hukusanyika, mgeni wa heshima huongoza utoaji, na majina ya waliotoa husomwa pamoja na kiasi walichotoa. Jomo Kenyatta aliifanya kuwa mwito wa taifa katika sherehe za Madaraka za Juni 1, 1963, na neno hilo likaandikwa kwenye nembo ya taifa.

Nchi nyingine zilitenga usiku mmoja kwa mwaka wa kuchangisha pesa kupitia televisheni. Nchini Marekani mchekeshaji Jerry Lewis aliongoza kuanzia mwaka 1966 kipindi cha saa nyingi mfululizo kwa ajili ya wagonjwa wa misuli, na nchini Uingereza BBC ilianzisha Children in Need kwa sura hiyo ya usiku mzima mwaka 1980. Kenya haikuhitaji usiku wa aina hiyo, maana harambee zilikuwapo karibu kila mwisho wa juma, na kipindi chake kilikuwa taarifa ya habari.

Kusubiri Vitimbi

Matangazo ya televisheni yalianza nchini mwaka 1962, na miaka miwili baadaye serikali iliyatwaa na kuyaweka chini ya Sauti ya Kenya, yaani VoK, chombo kilichopewa jina la KBC mwaka 1989. Mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, tena ikionekana kwanza Nairobi na viunga vyake tu, hapakuwa na kituo kingine cha kubadilishia, hivyo kila mwenye runinga katika Bonde la Ufa alitazama kile ambacho jirani yake alikitazama, kwa saa ileile.

Katika mitaa ya baraza la mji wa Nakuru kama Kivumbini na Flamingo, runinga moja ilihudumia safu nzima ya nyumba, na mlango uliachwa wazi ili waliokosa nafasi ndani watazame wakiwa kizingitini. Vijijini Subukia, Njoro, Molo na Rongai, ambako nyaya za umeme ziliishia madukani, miaka ya 1990 ilileta runinga ndogo za Great Wall, za picha nyeusi na nyeupe, zilizoendeshwa kwa betri ya gari. Betri hiyo ilifungwa kwenye keria ya baiskeli ikapelekwa senta kuchajiwa, na kadiri juma lilivyosonga ndivyo nguvu zake zilivyofifia na picha ikajikunja kutoka pembeni, mpaka mtangazaji mnene akawa mwembamba kama fimbo. Antena nayo ilifungwa juu ya mlingoti mrefu wa mkaratusi, na palikuwa na mtoto aliyetumwa nje kuuzungusha huku akiuliza kwa sauti kama picha imeshika.

Mtoto huyo hakuja kwa ajili ya habari. Alikuwa akisubiri vichekesho vya Vitimbi au Vioja Mahakamani, lakini betri ilikuwa ya mwenye nyumba na mwenye nyumba alitaka kusikia ya serikali, kwa hiyo malipo ya kucheka yalikuwa kutulia kwanza wakati wa taarifa, ambayo ilifunguliwa siku baada ya siku kwa shughuli za Mtukufu Rais: Rais kanisani, Rais akipokea wageni, Rais akiongoza mchango. Kwa njia hiyo watoto ambao hawakuwa na haja yoyote na siasa walitazama mamia ya harambee kabla ya kufikisha umri wa kupiga kura.

Nakuru ilikuwa na uhusiano wa pekee na picha hizo. Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002, alikuwa na makazi yake Kabarak, mwendo mfupi kutoka mjini, alifanyia kazi nyingi katika Ikulu ya Nakuru, na uwanja wa Afraha ulikuwa mojawapo ya viwanja vilivyozoea mikutano yake. Watoto wa shule waliopangwa kando ya barabara asubuhi, wakiwa na sare zilizopigwa pasi na vijibendera mikononi, waliisubiri taarifa ya jioni kwa sababu nyingine kabisa: walikuwa wakijitafuta. Msafara ulipita kwa sekunde chache, kamera ilikuwa ndani ya gari lililokimbia, na aliyejiona alibaki na habari ya kusimulia kwa muhula mzima.

Hesabu iliyofundishwa na kioo

Harambee ya kwenye televisheni ilikuwa na mpangilio usiobadilika, na ni kutobadilika huko kulikoifanya ikae kichwani mwa mtoto. Kwaya iliimba, wachezaji wa ngoma wakaingia, viongozi wakatambulishwa kwa vyeo, kisha orodha ikasomwa kuanzia waliotoa kidogo, na makofi yakapanda pamoja na tarakimu. Mgeni wa heshima alitoa mwishoni, na kiasi chake kilitangazwa kuwa chake pamoja na marafiki zake, marafiki ambao hawakutajwa majina wala kuonekana.

> Orodha ilisomwa kuanzia waliotoa kidogo, na makofi yakapanda pamoja na tarakimu.

Kutokana na mpangilio huo mtoto alijifunza mambo mawili bila kufundishwa na mtu. Alijifunza kwamba kutoa ni tendo lenye ngazi, ambapo jina la mtu huandamana na tarakimu na tarakimu humweka mtu mahali pake. Alijifunza pia kwamba aliye juu kabisa hutoa zaidi ya wote, na kwamba haiwi adabu kuuliza amezipata wapi. Jambo hili la pili ndilo lililokuja kuwagharimu Wakenya sana, kwa kuwa mshahara wa waziri ulijulikana na michango yake ya wikendi moja iliweza kuupita.

Palikuwa na sehemu moja iliyowafurahisha watoto kwa haki, nayo ni mnada. Mtu asiyekuwa na fedha alileta jogoo, mkungu wa ndizi au kikapu cha mayai, na vitu hivyo vikanadiwa mbele ya umati kwa bei ambayo soko la Wakulima la Nakuru halijawahi kuiona, jogoo mmoja akinunuliwa, akirudishwa, akanunuliwa tena. Kwa dakika chache mama aliyeleta jogoo alikuwa katikati ya picha, na huenda huo ndio wakati pekee ambapo harambee ya televisheni ilifanana na harambee ya kijijini.

Kamera haikuonyesha kilichotangulia. Katika miaka ya 1980 malalamiko yalikuwa mengi kwamba machifu na manaibu wao waliwatoza wananchi michango kwa lazima, kwamba wenye maduka waliokosa stakabadhi ya harambee walihangaishwa walipoomba huduma katika ofisi za serikali, na kwamba watumishi wa umma walikatwa mishahara bila kuulizwa. Mtoto ambaye alimwona baba yake akirudi nyumbani na kuku pungufu, kisha jioni akaona umati ukishangilia kwenye runinga, hakuwa na njia ya kuunganisha mambo hayo mawili.

Wala kamera haikuonyesha kilichofuata. Ilikwenda siku ya kutoa, ikarudi Nairobi, na kama ukuta ulifika kwenye linta ukasimama hapo, hilo halikuwa habari. Katika eneo hili, kuanzia Kuresoi hadi Bahati, si vigumu kuonyeshwa darasa, zahanati au ukumbi ulioanzishwa kwa mchango wa kishindo na ambao wenyeji walikuja kuumalizia kwa jasho lao, miaka mingi baada ya mgeni wa heshima kusahau jina la kijiji.

Wasomi wachache, wanasiasa wengi

Ingekuwa kosa kudhani kwamba harambee nzima ilikuwa maigizo. Katika kitabu chao cha mwaka 1977 kuhusu kujitegemea nchini Kenya, Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson walionyesha jinsi vikundi vya vijijini vilivyojenga shule, mabwawa, barabara na vituo vya afya kwa nguvu zao. Kwa sadfa isiyokosa kejeli, Mbithi alikuja kuwa Mkuu wa Utumishi wa Umma chini ya Moi katika miaka ya 1990, wakati ambapo harambee aliyoichunguza kama nguvu ya wanyonge ilikuwa imekwisha kuwa chombo cha wakubwa.

Mtafiti Frank Holmquist alikwenda hatua mbele zaidi kwa kueleza kwamba wakulima waliitumia harambee kama shinikizo dhidi ya dola: walijenga kuta za shule kwanza, kisha wakaitaka serikali ilete walimu, na mbunge aliyeshindwa kuwaleta walimu hao alijua kwamba kiti chake kimo hatarini. Shule nyingi za sekondari zilizoitwa za harambee zilianza kwa njia hiyo.

Vyuo vya ufundi vilivyochipuka kwa michango mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni ushahidi unaoshikika. Nyeri ilipata taasisi ya Kimathi na Kakamega ikapata WECO, vyote viwili mwaka 1972, na leo ni vyuo vikuu. Nakuru nayo ina taasisi yake ya mkondo huo, ile iliyojulikana kwa muda mrefu kama RVIST na ambayo sasa inaitwa Rift Valley National Polytechnic, na mafundi umeme na makanika waliopita humo wametapakaa katika karakana za mji mzima.

Upande wa pili una ushahidi wake. Mwaka 2002 Anne Waiguru, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Kirinyaga, alichapisha uchunguzi uliofuatilia taarifa za harambee katika magazeti kati ya mwaka 1980 na 1999, na kubainisha kwamba michango ya wanasiasa ilipanda uchaguzi ulipokaribia, hasa baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea. Kwa lugha nyepesi, yale yaliyotangazwa kama ukarimu yalifuata kalenda ya kura.

Serikali ya Mwai Kibaki ilipoingia, ilipitisha Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, ambayo ilimkataza afisa wa umma kutumia ofisi yake kama mahali pa kuchangishia harambee au kutumia wadhifa wake kumshinikiza mtu atoe. Mwaka huohuo iliundwa jopo la kuchunguza makusanyo ya umma likiongozwa na Koigi wa Wamwere, wakati huo mbunge wa Subukia. Uteuzi huo ulikuwa na uzito wake, kwa kuwa Koigi, mzaliwa wa Nakuru aliyeingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1979 na kisha akapitia vizuizi vya utawala wa Moi, alikuwa amezijua harambee za enzi hiyo kutoka pande zote mbili za ukuta wa gereza.

Sheria ilikuwapo, basi. Ilifuatwa na Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012, na kabla ya zote mbili kulikuwa na Sheria ya Makusanyo ya Umma iliyoanza mwaka 1960, kabla hata ya uhuru. Nchi haijawahi kukosa vifungu, na wanaoutetea mswada wa michango wa 2024 wana deni la kueleza kwa nini sheria ya nne itafua dafu pale ambapo tatu zilishindwa.

Mpiga picha wa Nairobi na huruma ya dunia

Wakati watoto wa Nakuru wakitazama Wakenya wakitoa, watoto wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitazama Waafrika wakipokea, na aliyepiga picha hizo alikuwa Mkenya. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alipiga picha za njaa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ambazo BBC ilizirusha Oktoba 23, 1984 zikiambatana na taarifa ya Michael Buerk. Picha hizo zilizaa wimbo wa Band Aid mwishoni mwa mwaka huo, na Julai 13, 1985 zikazaa tamasha la Live Aid, lililofanyika London na Philadelphia kwa wakati mmoja na kurushwa ulimwenguni kote. Amin alifariki mwaka 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Comoro.

Kenya yenyewe ilikumbwa na ukame mwaka huohuo wa 1984, na hata Bonde la Ufa, ghala la mahindi la nchi, lilijua ladha ya mahindi ya njano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo, ambayo wengi waliyala kwa kununa. Hata hivyo, njaa ya nyumbani haikupewa sura kwenye runinga ya nyumbani kama ile ya Korem ilivyopewa sura London. Televisheni ya taifa ilipenda kuonyesha suluhisho, na suluhisho lilikuwa daima mtu aliyesimama jukwaani.

Mitindo hiyo miwili, ule wa kumwonyesha mtoaji na ule wa kumwonyesha mhitaji, imeshutumiwa kila mmoja kwa sababu zake. Nchini Uingereza watu wenye ulemavu waliandamana mwaka 1990 na 1992 mbele ya studio za ITV kupinga kipindi cha kuchangisha pesa kilichowaonyesha kama viumbe wa kuhurumiwa, wakidai haki badala ya huruma. Mwaka 2019 picha ya mtangazaji Stacey Dooley akiwa amembeba mtoto nchini Uganda, iliyopigwa kwa ajili ya shirika la Comic Relief, ilizua lawama kali kutoka kwa mbunge David Lammy, na mwaka uliofuata shirika hilo likatangaza kwamba litaacha kutuma watu mashuhuri Afrika na litawapa Waafrika wenyewe kamera.

Hoja ya waandamanaji wa London inaihusu Kenya pia. Taifa liliutenga mwaka 1980 kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu, na michango ya kipindi hicho iliuweka msingi wa mfuko wao wa kitaifa, lakini kwa miaka mingi baadaye picha ya kawaida kwenye taarifa ya habari ilikuwa ya mheshimiwa akisukuma kiti cha magurudumu kuelekea kwa mtu asiyepewa kipaza sauti.

Yaliyokosa kamera

Eneo la kati la Bonde la Ufa lina sababu chungu ya kutoiamini picha ya televisheni. Mwaka 1992, mapigano yalipozuka Molo, Olenguruone na sehemu za jirani, waliofurushwa walijihifadhi katika viwanja vya makanisa, na Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, alikuwa miongoni mwa viongozi wachache waliosema waziwazi kuhusu yaliyokuwa yakitendeka. Blanketi, unga na maharagwe vilitolewa kupitia parokia. Hapakuwa na orodha iliyosomwa, na televisheni ya taifa haikuwa na shauku ya kupeleka kamera mahali ambapo serikali ilikuwa ikilaumiwa.

Mwaka 2008 hali ilikuwa tofauti. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kuwa kambi ya maelfu ya waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na safari hii vituo vya televisheni vilikuwa vingi, hivyo watoto waliolala katika mahema yale walionekana sebuleni kote nchini. Walioachwa bila kuonyeshwa walikuwa wale waliohifadhiwa na jamaa, kwa kuwa mtu aliyelala kwa shangazi yake mtaani Free Area hakuwa na hema la kupigwa picha.

Shilingi kumi za mwaka 2011

Badiliko kubwa zaidi lilifika miaka mitatu baadaye. Mwishoni mwa Julai 2011, ukame ulipoikumba Turkana na kaskazini mwa nchi, Safaricom Foundation, KCB Foundation, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na wamiliki wa vyombo vya habari walianzisha mchango wa Kenyans for Kenya, kwa shabaha ya kukusanya shilingi milioni 500 katika wiki nne. Vituo vilivyoshindana vilirusha mwito mmoja, na kwa kuwa M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza Machi 2007, ilikuwa imeenea hadi vijijini, mtu aliweza kutoa shilingi kumi akiwa kibandani mwake. Shabaha ilivukwa kabla ya muda, ikapandishwa hadi shilingi bilioni moja.

Kwa aliyekua akitazama harambee za miaka ya 1980, kioo cha 2011 kilikuwa kimepinduliwa. Mgeni wa heshima alikosekana, orodha ya majina ikatoweka, na mahali pake pakawekwa jumla iliyozidi kupanda pamoja na nyuso za watu wa Turkana. Watoto wa shule walivunja vibubu vyao, na mchango wa mtoto wa Rhonda au Kaptembwo uliingia katika jumla ileile iliyopokea mamilioni ya kampuni, bila mtu kujua upi ni upi.

> Mchango wa mtoto wa Rhonda au Kaptembwo uliingia katika jumla ileile iliyopokea mamilioni ya kampuni.

Mpinduko huo ulikuwa na faida iliyo wazi, maana ulimwondoa chifu mlangoni na mwanasiasa jukwaani. Lakini ulileta pia mtindo wa Live Aid nyumbani: sasa Mkenya wa Nakuru alimtazama Mkenya wa Lodwar, Turkana, kwa jicho ambalo London ilikuwa imemtazamia Mhabeshi wa Korem. Turkana ilionekana kwa wiki nne. Sababu za njaa yake, yaani barabara, maji, usalama wa mifugo na bajeti, zilihitaji zaidi ya wiki nne na hazikuwa na picha ya kuvutia.

Michango ya kila mwaka inayodumu imefuata njia ya katikati. Mbio za Mater Heart Run, zilizoanza mwaka 1994 kugharimia upasuaji wa moyo kwa watoto na kuenea baadaye hadi miji mingine, Nakuru ikiwemo, humfanya mtoaji anunue fulana na kutembea kilomita kadhaa pamoja na wengine, na lengo la pesa hujulikana kabla hazijatolewa. Mtoto anayezitazama kwenye runinga huona watu wa kawaida wakitokwa na jasho, jambo ambalo harambee ya jukwaani haikumwonyesha.

Bahasha, madhabahu na simu

Mswada wa Uchangishaji wa Fedha kutoka kwa Umma wa 2024, ulioletwa katika Seneti kupitia kiongozi wa wengi, seneta Aaron Cheruiyot wa Kericho, unakusudia kuweka utaratibu mpya wa vibali na uwajibikaji mahali pa sheria ya mwaka 1960. Wanaounga mkono wanasema harambee za wanasiasa huchochea wizi wa mali ya umma, kwa kuwa atoaye mamilioni kila wikendi lazima ayatoe mahali. Wanaopinga, wakiwemo wabunge wengi wa mashinani wanaposema bila vipaza sauti, huuliza nani ataezeka paa la kanisa la Kuresoi na nani atalipa karo ya yatima serikali isipofika.

Makanisa, yaliyokuwa kwa miongo mingi jukwaa kuu la michango hiyo, yamegawanyika ndani yao yenyewe. Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia kutoka madhabahuni mnamo Septemba 2021. Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alikwenda mbali zaidi Novemba 2024, alipoagiza mchango ambao Rais alikuwa ameutoa kwa kanisa la Soweto, jijini Nairobi, urudishwe, miezi michache tu baada ya Rais huyohuyo kutangaza marufuku. Yapo makanisa mengine ambayo yameendelea kupokea, na hoja yao kwamba pesa hazina dhambi hadi zitumiwe vibaya ina wafuasi wengi vijijini.

Wakati huohuo harambee imehamia kwenye simu. Mchango unaomfikia kijana wa Nakuru mara nyingi zaidi leo ni wa bili ya hospitali au mazishi, unaopitishwa katika vikundi vya WhatsApp ukiwa na nambari ya M-Pesa na picha ya mgonjwa kitandani, picha ambayo mgonjwa mwenyewe mara nyingine hakuulizwa kama ipigwe. Wanasiasa nao hurekodiwa wakitoa noti, na video hizo husambazwa hata kabla mtoaji hajaondoka uwanjani. Mpangilio wa taarifa ya enzi ya Moi umo ndani yake mzima, kuanzia makofi hadi tarakimu, isipokuwa sasa mtazamaji haketi sakafuni akisubiri Vitimbi.

Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mhariri arudi mahali alipopiga picha, na pengine haifai iwepo. Vituo vya redio na televisheni vinavyorusha matangazo kutoka Nakuru, vikiwemo vya lugha za mama ambavyo husikika hadi Elburgon, Mau Narok na Mogotio, vinaweza hata hivyo kufanya lile ambalo VoK na KBC hazikulifanya: kuandika tarehe ya kila mchango vinaoutangaza, pamoja na kiasi kilichoahidiwa na kile kilichofika benki, na mwaka mmoja baadaye kurudi na kamera ileile kuonyesha jengo lilipofikia. Gharama yake ni mafuta ya gari na mchana mmoja wa mwanahabari, na mahali pa kuanzia pamejaa kando ya barabara ya Molo kwenda Olenguruone.